Tarehe Iliyogeuka Magharibi

Saa ilinirudia siku ya Jumanne, ndani ya soksi. Soksi ya mwanamume, ya sufu, rangi ya majivu, imefungwa fundo, na aliyeniletea ni mwanamke wa makamo kutoka Harborne aliyesimama mlangoni kwangu Moseley, hapa Birmingham, akihema kwa sababu ya ngazi. Alisema baba yake, aliyekuwa daktari wa upasuaji, amefariki mwezi uliopita, wanagawana vitu, na kila duka analoingia na saa hii linamwambia hakuna tena anayejua kuifungua, isipokuwa bibi mmoja Mwafrika, mzee, mkali kidogo, anayekaa ghorofani. Nikamwambia huyo mkali ndiye mimi, apite ndani. Nilifungua fundo, na kabla sijaitoa saa nje nilishaijua kwa uzito wake kiganjani. Miaka hamsini nimeshika saa za watu na nyingi nimezisahau, lakini hii sikuisahau. Mwanamke akauliza kama inatengenezeka. Nilimwambia aniachie, arudi baada ya wiki, na alipotoka nilikaa nayo mezani bila kuifungua, siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya tatu. Mimi huyu, ambaye sijapata kungoja kitu maishani! Niliogopa, nasema kweli. Ndani ya saa ile kuna jino moja dogo kuliko chembe ya mchele, nililichonga kwa mkono wangu, na sikutaka kujua kama bado liko.

Ya nilivyofika nchi hii na ya niliowaacha nyuma sitayasema hapa, yamenichosha kuyasimulia. Itoshe kwamba nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka Unguja, nimeshaacha unesi baada ya miezi saba na kiwanda cha biskuti baada ya mitatu, na sasa nilikuwa msafishaji katika karakana ya saa ya Bwana Hadley huko Hockley, mtaa wa masonara. Ilikuwa miaka ya sabini, na msimu ule wa baridi makaa ya mawe yalipungua nchi nzima, serikali ikaamuru viwanda na ofisi zitumie umeme siku tatu tu kwa wiki. Watu walinung'unika. Mimi nilifurahi, ndivyo nilivyokuwa: chochote kilichovuruga mpango wa jana kilinifaa. Nilikuwa siwezi kutulia. Nikikaa kitini mguu unatikisika, nikilala nahesabu mabasi yanayopita nje, nikiwa hapa nataka kuwa kule, na kule nikifika naona hapana maana. Bi Thuwaiba, mwenye nyumba niliyopanga chumba Alum Rock, alikuwa akisema nina kamani tumboni, ile springi inayosukuma saa, na kwamba aliyenitia ufunguo alikaza akasahau kuacha. Alisema hivyo mbele ya wageni, na wageni wakicheka nami nikicheka nao, ila usiku niliyafikiri.

Kazi ya saa ndiyo kitu cha kwanza kilichonikalisha kitako. Karakana ilikuwa ghorofa ya tatu, chumba kirefu chenye madirisha makubwa kwa ajili ya mwanga, harufu ya benzini na chai iliyolala, na meza mbili za kazi, ndefu kwenda juu, zinazomfikia mtu kifuani akikaa ili asiiname. Meza moja ilikuwa ya Bwana Hadley. Ya pili ilikuwa ya mwenzake aliyefariki; kiti kilikuwa kimesukumwa ndani na hakuna aliyekigusa. Mimi pahala pangu palikuwa nyuma, kwenye karai: kuosha magurudumu, kuyakausha, kuyapanga vibakulini. Lakini Bwana Hadley alikuwa mjane, mtu wa maneno machache, na mtu wa aina hiyo akichoka kunyamaza hufundisha. Alinifundisha kidogo kidogo bila kukiri kwamba ananifundisha. Aliniita Rei, ambalo kwao ni jina la kiume, mimi naitwa Raya, sikumsahihisha. Sasa, mafundi saa wana desturi moja ambayo wenye saa hawaijui. Kila anayeifungua saa na kuitengeneza hukwaruza alama yake ndani ya mfuniko wa nyuma, herufi mbili ndogo kwa ncha ya sindano, ili fundi wa kesho ajue nani kapita. Nilizisoma herufi hizo kwa kioo cha jicho kila saa ilipofunguliwa, nikajiuliza wenyewe walikuwa nani na wako wapi. Bwana Hadley alikwaruza W.H. kwenye kila saa iliyotoka pale, hata zile nilizozifanya mimi toka mwanzo mpaka mwisho. Siku moja nikamuuliza. Akasema anayekaa mezani ndiye anayetia alama, na mezani hakai mtu asiye na cheti.

Ndipo ikaja saa ya Ormondel. Huyu Ormondel alikuwa fundi wa Uswisi wa miaka mia mbili nyuma, mtoto wa wafuga ng'ombe wa milimani, ambaye theluji ikifunga njia alikaa dirishani akichonga saa. Kampuni iliyobeba jina lake, ilipoona saa za betri zinakuja kummeza kila mtu, iliamua kutoa saa chache za dhahabu kwa heshima ya babu yao, zimetengenezwa kwa mkono kama alivyotengeneza yeye. Mishale yake ilikuwa ya chuma kilichochomwa mpaka kikawa buluu, sahihi yake imenakshiwa chini ya namba kumi na mbili, na ndani mlikuwa na kalenda ileile aliyoibuni, inayogeuza tarehe kwa pigo moja katikati ya usiku. Ilikuja na kijitabu. Bwana Hadley alinisomea chote wakati wa chai kwa sauti ya padri, nami nikacheka kimoyomoyo kwamba wauzaji hawaishiwi maneno. Kisha akanipa kioo cha jicho. Nikatazama ndani na kicheko kikaniisha. Sijapata kuona kitu kinachokwenda na huku kimetulia vile.

Mwenye saa ndiye yule daktari wa Harborne. Aliinunua mpya, na ikawa inakimbia dakika mbili kila siku. Bwana Hadley alikuwa wakala wa kampuni, na kampuni ilikuwa imempa nafasi ya kumpeleka mtu mmoja kwenye chuo chao Uswisi: mwaka mzima, chumba na chakula juu yao, na cheti mwishoni. Aliiweka saa mbele yangu kwenye kitambaa cheupe. "Itengeneze wewe," alisema. "Ikitoka sawa, barua ya chuo itakwenda na jina lako." Nilimwambia ahsante kwa adabu, nikaenda chooni, nikajiziba mdomo kwa mkono wa koti nikapiga kelele. Kwa mara ya kwanza nilijua ninakotaka kwenda. Nilishajiona: dirisha, theluji, meza yangu, sindano yangu ya kukwaruza.

Nyumba ya Alum Rock nayo ilikuwa na habari yake ya saa. Ami Seif, mumewe Bi Thuwaiba, alikuwa akisafisha mabasi gereji, lakini kwao Unguja ndiye aliyekabidhiwa saa ya ukutani ya msikiti wa mtaa wake. Wazee wale waliitega saa kwa jua. Jua likizama tu, mishale yote miwili juu, kwenye kumi na mbili, na hapo siku mpya imeanza. Kwa sababu kwetu siku haingoji watu walale ndipo ianze. Alhamisi ikizama jua, tayari ni usiku wa Ijumaa. Unguja jua lina adabu, linazama karibu wakati mmoja mwaka mzima, na saa ukishaitega huna haja ya kuigusagusa. Jua la Birmingham ni la kihuni. Desemba linaondoka watu hawajatoka kazini, Juni linakataa kwenda kulala. Ami Seif hakukubali kushindwa. Kila siku alitoka akasimama mwisho wa barabara, palipo na mwinuko, akatazama mawingu, akapiga hesabu zake, akarudi akapanda kigoda na kuipeleka saa ya sebuleni kwenye kumi na mbili. Saa ile haikumfaa mtu anayewahi basi. Bi Thuwaiba, aliyekuwa akifua mashuka hospitalini, aliificha saa yake ya Kizungu chini ya kitanda, na mumewe alijifanya hajui. Mimi nilizoea kuzisoma zote mbili. Nikivuka kizingiti tu, kichwa kinageuka chenyewe: kumi na mbili ya karakana ni adhuhuri au usiku wa manane, kumi na mbili ya sebuleni ni magharibi. Nilijivunia wepesi huo, na ndio ulioniponza.

Tulikula jikoni, magoti yakigusana, hita ya mafuta ya taa imekaa katikati kama mgeni wa nne. Wali, mbaazi za kopo zilizoungwa kwa nazi ile ya kipande kutoka duka la Wapunjabi, dagaa wa kopo kwa ndimu na pilipili nyingi ili tusahau kopo lake. Niliwaeleza habari za Uswisi nikiwa nimesimama, kijiko mkononi, maana nilishindwa kukaa. Bi Thuwaiba alisikiliza na kuniongezea wali tu. Lakini ukuta wa nyumba zile ni karatasi. Baadaye, nikipanda chumbani kutoka kuoga, nikawasikia chini. Bi Thuwaiba alisema mtoto wa kike peke yake mlimani, hana jamaa, hana lugha, na tena ni huyu asiyetulia. Atafika Uswisi, ataichoka Uswisi, kisha itakuwaje? Ami Seif alikohoa kwanza, kile kikohozi chake kilichoanza Novemba na hakikutaka kuondoka. "Mwache aende, Thuwaiba," alisema. "Sisi tuliokaa tumeona nini?" Nilikaa kwenye ngazi na taulo kichwani, machozi yakanitoka. Hakuna mtu aliyewahi kuisema tabia yangu kana kwamba si ugonjwa.

Ilipofika Februari kifua kilimshinda Ami Seif. Daktari wa mtaa alimkataza kutoka nje, kitanda chake kikateremshwa sebuleni karibu na hita, na kazi ya kupanda kigoda kila magharibi ikawa yangu. Alinielekeza kutoka kitandani, kidole juu, na sikuthubutu kumwambia kwamba wakati wenyewe naukisia tu. Wiki hiyohiyo ndiyo niliyomaliza saa ya Ormondel. Nilikuwa nimeifungua yote, nimeiosha, nimeirudisha kipande kwa kipande, na ilikuwa inakwenda. Bwana Hadley hakuamini mashine za kupimia. Alisema ukweli wa saa uko kwenye mkono wa mtu: ivaliwe siku tano, mtu atembee nayo, apike nayo, na kila jioni saa kumi na mbili, redio inapotoa ile milio yake, aandike daftarini imekwenda mbele au nyuma sekunde ngapi. Umeme wetu ulikuwa Jumatatu mpaka Jumatano. Jumatano tulipofunga alinivisha saa mwenyewe mkononi, akaniambia daktari mwenye saa atakuja kuichukua Jumatatu. Akanikumbusha na kanuni ya kalenda ile, ambayo niliijua: kuanzia saa tatu usiku mpaka saa tisa, mishale ikiwa upande wa juu wa uso wa saa, meno ya tarehe huwa yameshikana. Mishale ikiwa hapo usiirudishe nyuma kabisa, jino litakatika. Mimi nilishaihifadhi kwa lugha yangu, kwa mkato: usiku mkubwa usirudishe.

Alhamisi jioni Bi Thuwaiba alikuwa akifukiza ubani kwa ajili ya usiku wa Ijumaa. Nilipanda kigoda nikaitega saa ya ukutani, nikashuka, na Ami Seif akaniomba aione hiyo ya dhahabu. Niliivua nikamwekea kiganjani. Aliishika kwa mikono miwili. Nikamweleza habari za Ormondel, theluji yake na dirisha lake, na kwamba wajukuu wa kazi yake wameitoa saa hii kumkumbuka. Akasema wamemkumbuka vizuri. Kisha akauliza hiyo tarehe inageuka wakati gani, nami nikamwambia katikati ya usiku. Akavuta pumzi kwa tabu.

"Watu wamelala," alisema. "Siku inaingia na hakuna shahidi." Halafu, kwa haya, kama mtu anayeomba kuongezewa sukari: "Igeuze sasa hivi, mwanangu. Niione siku ikiingia kwa wakati wake, mara moja tu."

Nilijua si haki. Saa si yangu, iko kwenye majaribio, na mtu ameniamini. Lakini kifua kile kilikuwa kinapiga filimbi, na mimi ndiye niliyesikia maneno yake kupitia ukutani. Tena, nisijisingizie wema peke yake: nilitaka kuona na mimi. Nje ilikuwa saa kumi na moja na dakika tano za jioni. Nilivuta kile kifundo cha pembeni nikaipeleka mishale mbele polepole, saa baada ya saa, vichwa vyetu viwili vimeinamia mkono wake, mpaka ikafika juu, kumi na mbili. Ikapiga pigo dogo. Tarehe saba ikawa nane.

"Karibu, Ijumaa," Ami Seif aliiambia saa, na akacheka mpaka akakohoa, na akikohoa bado anacheka. Bi Thuwaiba alichungulia na chetezo mkononi akatuuliza tumekuwaje. Sikuwa nimemwona mzee akicheka tangu vuli.

Ndipo nikakumbuka daftari. Milio ya redio ilikuwa inakuja chini ya saa moja, na nilitaka ukurasa wangu uwe safi, siku tano bila pengo. Nilijua saa iko mbele sekunde nne. Ningeirudisha, ningeipa na nne zake, nani angejua? Mishale ilikuwa kwenye kumi na mbili. Dirishani kulikuwa bado kuna weupe, ubani unanukia, na ukutani saa ya Ami Seif nayo imesimamisha mishale yake palepale. Kichwa changu kilikuwa sebuleni. Kumi na mbili ni magharibi, na usiku mkubwa bado uko mbali, hakuna hatari. Nikaizungusha nyuma kwa haraka, kama ninavyofanya kila kitu. Nikasikia sauti ndogo, kama ukucha unapokatika. Ile nane ikabaki imekaa upande kwenye kidirisha chake na haikwenda tena mbele wala nyuma. Ami Seif alikuwa amefumba macho, anatabasamu, hakusikia chochote. Nilimtazama nikamchukia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: kwa siku tatu nilimchukia mzee mgonjwa kwa kosa la vidole vyangu mwenyewe.

Funguo za karakana nilikuwa nazo, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiwasha jiko asubuhi. Ijumaa kulipopambazuka nilikuwa huko, peke yangu, bila umeme, na pua baridi. Kwenye karai hapakuwa na mwanga wa kutosha. Nilisimama muda mbele ya meza ya marehemu, kisha nikavuta kiti chake nikakaa. Niliifungua saa, nikalitoa gurudumu la tarehe, na jino lilikuwa limekatika kwenye shina. Kipuri kingechukua wiki kufika kutoka Uswisi, na barua ya kukiagiza angeisoma Bwana Hadley. Kwa hiyo nilipasua mfereji mwembamba kwa msumeno mwembamba kama unywele, nikapachika kipande cha shaba, nikakilehemu kwa taa ya spiriti, nikaanza kukichonga kwa tupa, mpapaso mmoja mmoja, nikipima kwa kioo. La kwanza likawa fupi. La pili likaruka likapotea sakafuni. La tatu nililifanya Jumamosi, toka mwanga ulipoingia mpaka ulipokaribia kutoka, na kwa saa zote hizo mguu wangu haukutikisika hata mara moja. Niliigundua hali hiyo nilipomaliza, nikashangaa. Niliirudisha saa, nikaipeleka mbele, tarehe ikageuka safi. Lilikuwa jino zuri. Daftarini nilijaza sekunde za uongo kwa jioni tatu, mwandiko wangu umenyooka kuliko siku zote.

Jumatatu Bwana Hadley alisoma daftari akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akafungua saa, kwa sababu yeye hufungua hata saa aliyoifunga mwenyewe, akatia kioo jichoni. Alitazama muda mrefu mno. Nilisikia maji yakichemka jikoni na sikwenda kuyazima.

"Nani kachonga jino hili?" aliuliza.

Nilikuwa nimeandaa uongo wa pili, mzuri kuliko wa kwanza. Lakini swali lake halikuwa nani kalivunja. Nikasema ni mimi, na baada ya hapo yote yakamwagika: Ami Seif, kifua, magharibi, Ijumaa inayoingia Alhamisi, redio, daftari. Nilimweleza kumi na mbili yetu na kumi na mbili yake mpaka akanielewa, maana aliuliza maswali kama fundi, bila hasira, na hata akataka kujua mzee alisema nini tarehe ilipogeuka. Nilipomaliza alivua kioo.

"Ilikuwa imefika kwenye usiku wa manane na tarehe ya kesho," alisema. "Ungeiacha kifundo nje, imesimama, ukakaa nayo mpaka usiku wa manane wenyewe ukaikuta hapo. Ungekisukuma ndani na hakuna kitu kingekatika. Kwa nini hukungoja?"

Nilitafuta jibu. Naapa nililitafuta. Saa saba za kukaa tu, karibu na hita, na mzee anayecheka. "Sikufikiria kungoja," nikasema.

Akasema kule milimani ni kungoja mwaka mzima, na kwamba daftari la uongo hawezi kulipeleka Uswisi pamoja na jina la mtu. Akaichukua sindano ya kukwaruza, akanigeuzia mgongo, akafanya alichofanya, akafunga mfuniko. Adhuhuri daktari alikuja akaichukua saa yake. Barua Bwana Hadley aliiandika mbele yangu: mwaka huu hana mtu wa kumleta. Mwakani, aliniambia, tutaona. Mwakani chuo kilifungwa, saa za betri zilikuwa zimeshawameza. Nilipanda basi la kurudi Alum Rock nikalia bila kuficha uso, na kilichoniuma zaidi si Uswisi. Kilichoniuma ni kwamba alikwaruza W.H. juu ya jino langu.

Nyumbani Ami Seif aliniuliza saa imefikaje kwa mwenyewe. Nikamwambia imefika salama. Kila mgeni aliyekuja kumjulia hali alimsimulia kwamba ameona siku ikiingia kwa macho yake, kwenye saa ya dhahabu, na kwamba aliyemwonyesha ni yule pale, Raya, anayekwenda Uswisi. Sikumwambia kwamba siendi. Alifariki mwezi wa Mei, jua likizama karibu saa tatu usiku, na saa ya ukutani ikasimama kwa kukosa mtu wa kuitia ufunguo. Bi Thuwaiba aliitoa yake chini ya kitanda akaiweka juu ya kabati, kisha akakaa akaitazama na kulia. Juni niliacha karakana bila kuaga vizuri. Nilikwenda London, nikaenda Maskati, cheti nikakipata ukubwani, nikarudi Birmingham nimechoka. Bwana Hadley alikufa nikiwa mbali. Kwa miaka yote hiyo nikimtaja kwa watu nilisema alinifundisha kazi na kuniibia jino.

Hiyo ndiyo saa iliyokuwa mezani kwangu. Leo Alhamisi, alasiri, nikajiambia ujinga huu uishe, nikaufungua mfuniko. Ndani mna alama tano au sita, za mafundi waliopita baada yetu, herufi mbilimbili, zimeshuka chini moja baada ya nyingine. Niliitafuta W.H. kwa kioo, nikarudia, nikasogeza taa. Haimo. Ya juu kabisa, ya kwanza kukwaruzwa humo tangu saa ilipozaliwa, ni mkono wa Bwana Hadley, ninazijua herufi zake za mraba. Lakini desturi ni herufi mbili, na hizi ni nne. Aliniita Rei mpaka siku niliyoondoka. Humo ameandika RAYA.

Nililia, sikuwa na aibu ya mtu. Kisha nikaitazama kalenda, na jino liko, limelika kidogo ubavuni, linafanya kazi yake. Niliisafisha, nikaitia mafuta, nikaifunga, nikaitia ufunguo. Nje jua lilikuwa linazama nyuma ya mabomba ya moshi ya Moseley. Nikaipeleka mishale mbele polepole mpaka juu, na tarehe ikageuka kwa pigo lilelile. Nikasema nilichopaswa kusema. Kifundo nimekiacha nje, saa imesimama, mikono yangu nimeiweka mapajani. Simu ililia, mjukuu wa Bi Thuwaiba ananiuliza, kwa Kiingereza chake cha hapa, mbona nimechelewa, chakula kinapoa. Nikamwambia wale tu, mimi leo sitoki, nina kazi. Akauliza kazi gani.

"Nangoja," nikamwambia.